Msiizike Reli Iliyo Hai

Tangu treni ya umeme ianze kupeleka abiria Dodoma, Julai 2024, kuna kauli imeenea vijiweni, redioni na hata kwenye kumbi za semina: reli ya zamani imekwisha kazi. Ni ya Mjerumani, ni nyembamba, treni zake zinajikongoja, na masika yakikaza inasombwa na maji pale Kilosa. Kilichobaki, tunaambiwa, ni kuvuta subira mpaka reli mpya ya kisasa, SGR, ifike Isaka, Mwanza na Kigoma, kisha ile ya zamani ing'olewe na kuuzwa chuma chakavu. Kauli hii ina watetezi wenye heshima zao, na naelewa inakotoka. Mtu aliyewahi kulala njiani siku mbili akielekea Kigoma, leo akafika Dodoma kwa saa tatu na nusu, ana haki ya kuona kwamba enzi moja imefungwa.

Lakini abiria ni habari moja na shehena ya bandarini ni habari nyingine. Kwa shehena, kauli hiyo ni potofu, na ikigeuka sera itatuumiza sote. Reli ya kati, hiyo ya zamani yenye upana wa mita moja, ndiyo njia pekee ya chuma inayounganisha gati za Dar es Salaam na Isaka, Mwanza, Kigoma na Mpanda leo hii. Vipande vya SGR kutoka Makutupora kwenda mbele bado ni kazi ya makandarasi. Tukiitelekeza reli iliyopo kwa sababu ijayo ni nzuri zaidi, kwa miaka yote hiyo ya kungoja tutakuwa tumeikabidhi bandari yetu kubwa kuliko zote kwa malori.

Anayetaka kuona maana ya hilo aende Vigwaza, kwenye mizani, alfajiri ya siku yoyote. Semitrela zimepanga foleni kandokando ya barabara, matandiboi wanakaza kamba na kukagua maturubai, mama lishe wanapita na chupa za chai na vitumbua. Gari linapanda mizani ekseli kwa ekseli. Uzito wote unaweza kuwa ndani ya tani 56, kikomo cha sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, lakini ekseli moja ikizidi, dereva anaamriwa asogee pembeni apange mzigo upya. Na kama amebeba kontena lenye lakiri ya forodha linalokwenda nchi jirani, hana ruhusa ya kulifungua. Anakaa hapo, anapiga simu kwa tajiri, tajiri anapiga simu kwa wakala, na siku inapita.

Ukali wa mizani una sababu. Lami haiumii sawasawa na ongezeko la uzito. Inaumia takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ikibebeshwa mara mbili, barabara inachakaa kama mara 16. Zaidi ya asilimia 90 ya shehena inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda bara na nchi jirani inapita juu ya lami hiyo, kwenye barabara ileile ya mabasi, bodaboda na watoto wa shule wanaovuka Mlandizi na Chalinze. Treni moja ya tani 1,000, ambayo kwa viwango vya dunia ni treni ndogo, inaondoa malori zaidi ya 30 kwenye msafara huo. Mataruma ya kuibeba treni hiyo yamekwisha kutandikwa. Tuta lipo, madaraja yapo, stesheni zipo.

Hoja ya kwanza ya wanaotaka reli hii ife ni wembamba wake. Milimita 1,000 dhidi ya 1,435 za SGR: inaonekana jambo limekwisha. Hebu tutazame Brazil. Njia ya Vitória–Minas, yenye urefu wa kilomita 905, inateremsha madini ya chuma kutoka Minas Gerais hadi bandari ya Tubarão. Upana wake ni mita moja kamili, sawasawa na reli yetu ya kati. Katika miaka yake mizuri imepitisha zaidi ya tani milioni 100 kwa mwaka. Shehena yote inayopita bandari ya Dar es Salaam kwa mwaka mzima, ya meli zote na gati zote, bado haifiki theluthi ya hiyo.

Sidai kwamba tukiamka kesho tutakuwa Brazil. Njia yao imejengwa kwa chuma kizito, kokoto za kutosha, madaraja imara na vichwa vya treni vyenye nguvu, na kwa sehemu kubwa ina njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Hapo ndipo penye hoja yangu. Nguvu ya reli ya mizigo inatoka kwenye uzito wa chuma, ubora wa tuta, idadi ya vichwa vya treni na nidhamu ya ratiba. Upana unachangia, lakini haujawahi kuwa ndio unaoamua peke yake.

Afrika Kusini wanalijua hili kwa faida na kwa hasara. Reli yao ya makaa ya mawe kwenda Richards Bay ina upana wa milimita 1,067, na mwaka 2017 kituo cha makaa cha bandari hiyo kilisafirisha nje zaidi ya tani milioni 70. Kufikia 2023 kiasi hicho kilikuwa kimeporomoka hadi tani milioni 47 hivi. Reli haikusinyaa hata milimita moja katika miaka hiyo sita. Vichwa vya treni vilikosa vipuri, nyaya za umeme ziliibwa, matengenezo yakazorota. Makaa yakahamia kwenye malori, na barabara za kuelekea Richards Bay zikajaa.

Na tusiende mbali. Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba na kampuni ya China, CCECC, wa kuikarabati na kuiendesha TAZARA kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. TAZARA ina upana wa milimita 1,067, na imewahi kuanguka vibaya: mwaka 2014/15 ilibeba chini ya tani laki moja, wakati siku zake za nguvu iliwahi kupita tani milioni moja. Hakuna aliyesimama kusema ing'olewe. Serikali mbili na mwekezaji wa kigeni wameona mali pale. Reli ya kati imepungukiwa na TAZARA kwa milimita 67, ambazo ni kama urefu wa kidole. Haiingii akilini kwamba kidole hicho ndicho kinachotenganisha reli ya kuokolewa na reli ya kuzikwa.

Hoja ya pili ni mwendo. SGR imesanifiwa kukimbia kilomita 160 kwa saa kwa abiria na 120 kwa mizigo, na ile ya zamani ikifika 40 tunashukuru. Tupige hesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Isaka kwa reli ya kati ni kilomita 970 hivi. Treni ya mizigo ikienda kwa wastani wa kilomita 35 kwa saa inatumia saa 28. Ikienda kwa wastani wa 100 inatumia chini ya saa 10. Tofauti ni saa 18, na kwa mbeba nyanya saa 18 ni nyingi. Ila shehena ya bandari yetu kwenda bara ni ngano, mbolea, saruji, chuma, mafuta, vitenge, vipuri na makontena ambayo yamekaa baharini majuma kadhaa. Mwenye mzigo wa namna hiyo hababaishwi na saa 18. Kinachomkosesha usingizi ni siku.

Ukitaka kujua siku hizo zinaliwa wapi, fuatana na kontena moja. Linashushwa melini, linangoja nyaraka. Nyaraka zikikamilika linangoja kupangiwa treni. Mabehewa yapo lakini kichwa hakuna, kiko karakana kinangoja kipuri. Kichwa kikipatikana, treni inasimama kwenye stesheni ya kupishana ikisubiri nyingine ipite, kwa kuwa njia ni moja. Likifika mwisho wa safari, linangoja kreni. Kisha kontena tupu linatakiwa lirudi kabla muda wa mwenye meli haujaisha na faini haijaanza kuhesabiwa kila siku. Katika mlolongo wote huo, muda ambao magurudumu yanazunguka ni sehemu ndogo. Leta treni ya kilomita 120 kwa saa, acha mengine yote yalivyo, na mteja ataona badiliko dogo sana. Ongeza vichwa vya treni, rekebisha njia za kupishana, panga treni iondoke siku na saa inayojulikana hata kama haijajaa, na mteja atarudi.

Wafanyabiashara wa Kigali, Bujumbura na Kampala wana hesabu zao. Wanaweza kuvumilia safari ya siku nne ikiwa wana hakika ni nne. Safari ya siku mbili ambayo mara nyingine huwa kumi na mbili, hawawezi kuipangia biashara. Lori limeshinda kwa sababu hiyo hasa: tajiri anampigia dereva simu akiwa Singida na anajua mzigo wake uko wapi.

Historia ya reli yenyewe inathibitisha haya. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma 1914. Tawi la Mwanza likakamilika 1928. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa bado inabeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Miaka kumi baadaye ilibaki kubeba kiasi cha tani laki mbili. Katikati hapo, mwaka 2007, uendeshaji ulikabidhiwa kampuni ya India, RITES, kwa mkataba wa miaka 25 ambao haukumaliza hata mitano. Vichwa vya treni vilipungua, mishahara ikawa ugomvi, na wateja walioondoka hawakurudi. Hapa pia upana wa reli ulikuwa uleule siku ya tani milioni na siku ya tani laki mbili. Anayesema reli hii ilikufa kwa uzee aeleze ilikuwaje ikazeeka kwa kasi hiyo ndani ya muongo mmoja baada ya kufanya kazi karibu karne nzima.

Hoja ya mafuriko ni nzito kuliko zote, na sitaipuuza. Kati ya Kilosa na Gulwe reli inapita bonde la mto Mkondoa, na mto huo hauna huruma. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilizoa tuta na madaraja, njia ikafungwa kwa miezi. Bwawa la Kidete, lililokuwa likipunguza nguvu ya maji, lilibomoka. Tangu hapo kipande hicho kimekatika tena na tena, na kila kikikatika, mzigo wa Isaka na Kigoma unaganda. Yeyote aliyesimama Kilosa akaona reli zinaning'inia hewani, tuta limeondoka chini yake, ataelewa kwa nini watu wamekata tamaa.

Lakini tatizo la Kilosa lina mahali pake na lina dawa yake. Ni kipande kimoja katika njia ya zaidi ya kilomita 1,200. Wataalamu, wakiwamo wa Japani kupitia JICA, wamekwisha kukipima. Yanayotakiwa yanafahamika: mabwawa ya juu yajengwe upya, mchanga uondolewe mtoni, tuta liinuliwe penye udhaifu, na milima ya juu ya bonde iachwe iote miti. Huwezi kuitupa njia nzima ya kwenda maziwa makuu kwa sababu ya bonde moja ambalo hatujalitibu. Na bonde lile tutalazimika kulitibu hata hivyo, kwa ajili ya watu wa Kilosa na mashamba yao.

Kuna jambo jingine ambalo wanaoipigia debe SGR peke yake hulisahau: majirani zetu. Reli za zamani za Uganda na Kenya zina upana wa mita moja kama yetu. Kwa hiyo behewa linaweza kupakiwa bandarini Dar es Salaam, likavutwa hadi Mwanza Kusini, likaingizwa kwenye meli ya MV Umoja, likavuka ziwa hadi Port Bell, likavutwa mpaka Kampala bila mtu kugusa mzigo. MV Umoja ina nafasi ya mabehewa 22. Safari hizo zilifufuliwa 2018 baada ya kulala kwa muda mrefu, na mzigo ulipita. SGR ikifika Mwanza, na ifike haraka, behewa lake halitakuta upana wake ng'ambo ya ziwa mpaka Uganda nao wajenge yao.

Kenya wametutangulia katika somo hili. SGR yao ilifika Nairobi 2017 na Naivasha 2019, ikaishia hapo, mbali na mpaka wa Uganda. Kwa muda serikali ililazimisha makontena yapande treni mpya, na wenye biashara wa Mombasa wakalia kwamba kazi yao imehamishiwa bara. Mwaka 2022 Rais Ruto akaagiza ukaguzi wa mizigo urudishwe Mombasa. Na ili mzigo wa Uganda uendelee mbele ya Naivasha, Kenya walifanya nini? Walirudi kuikarabati reli ya mita moja kutoka Longonot hadi Malaba, reli ambayo miaka michache kabla ilionekana haina maana tena. Waliiacha ichakae kwanza, kisha wakalipa kuifufua. Sisi bado tuna nafasi ya kuruka hatua ya kwanza.

Wengine watasema nchi maskini haiwezi kutunza reli mbili sambamba. Vipande viwili vya mwanzo vya SGR, kutoka Dar es Salaam hadi Makutupora, vimegharimu zaidi ya dola bilioni 3. Mradi wa Benki ya Dunia wa 2014 wa kuikarabati reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Isaka ulikuwa na mkopo wa dola milioni 300, chini ya sehemu moja ya kumi, kwa urefu mkubwa zaidi. Ukarabati huo umeshafanyika kwa pesa tutakazolipa na wajukuu zetu. Kuuza chuma hicho kwa kilo wakati deni lake bado lipo ni hasara juu ya hasara. Tena tangu 2015 kila anayeingiza bidhaa nchini anatozwa ushuru wa maendeleo ya reli. Mama anayenunua ndoo ya plastiki Kahama ameuchangia bila kujua. Ana haki ya kudai kwamba sehemu ya pesa hiyo iende kwenye reli inayopita jirani yake leo.

Wala siwaombi SGR isimame. Ijengwe, tena bila kuchelewa. Ikifika Isaka itakuwa na uwezo wa ekseli wa tani 35 ambao reli ya mita moja haitaufikia, na wakati huo shehena nzito ya masafa marefu ihamie huko. Ila kabla ya hapo, SGR inayoishia Dodoma inampa mwenye mzigo wa Mwanza safari ya treni kisha safari ya lori, na kupakua katikati. Wachache watalipia hayo wakati lori linatoka mlango wa bandari mpaka mlango wa ghala bila kusimama. Bandari kavu ya Kwala, iliyojengwa ili kupunguza msongamano wa Kurasini na Barabara ya Mandela, ina maana pale treni zinapotoka kwenda mbali. Ikiwa makontena yanafikishwa Kwala kisha yanapakiwa kwenye malori yaleyale, foleni itakuwa imesogezwa tu kutoka Kurasini hadi Pwani.

Kwa hiyo ninayodai ni machache na yanapimika. Vichwa vya treni vinunuliwe na akiba ya vipuri iwekwe. Treni ya makontena ya reli ya kati iwe na siku zake maalumu, itangazwe, iondoke. Kilosa–Gulwe ipewe bajeti yake, isiachwe kuwa kazi ya dharura ya kila masika. Mabehewa yanayorudi Dar es Salaam yajazwe tumbaku ya Tabora, pamba ya Shinyanga na mahindi ya Katavi, maana behewa linalorudi tupu linamlipisha mteja wa kwenda safari mbili. Na waendeshaji binafsi wenye treni zao waruhusiwe kuipita njia hii kwa ada inayojulikana.

Anayedhani haya ni ndoto aangalie kaskazini. Reli ya Tanga hadi Moshi ililala zaidi ya miaka kumi, vichaka vikaota kati ya mataruma, watu wakajenga karibu mno na njia. Mwaka 2019 treni ya mizigo ilirudi Moshi, na 2020 ikapiga honi Arusha. Ilikuwa reli ileile ya mita moja, na iliwezekana kuifufua kwa sababu moja: haikuwa imeng'olewa.

Kusini haikuwa na bahati hiyo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walijenga reli iliyokuja kuunganisha bandari ya Mtwara na Nachingwea, kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Karanga zikashindikana, mradi ukavunjwa 1951. Reli ikabaki na mzigo mdogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na kung'olewa kwa sababu haijilipi, hoja ambayo kwa mahesabu ya mwaka ule haikuwa na kasoro. Leo bandari ya Mtwara ina korosho, ina saruji, na ina makaa ya mawe ya Ngaka yanayosafiri kwa malori kupitia Songea, Tunduru na Masasi, na lami ya njia hiyo inalia. Serikali imekuwa ikitafuta mwekezaji wa kujenga SGR kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwa miaka mingi, kwa gharama ya mabilioni ya dola. Kwa hiyo kabla mtu hajaligusa taruma hata moja kati ya Tabora na Kigoma, atuonyeshe kwanza treni ya SGR ikishusha makontena Kigoma.